Redio ya motoka: kwa nini haikamate Bukavu

Tangazo la barabara iliyofungwa, la siku ya kuandikisha watoto shuleni, la kikao cha waliorudi, karibu yote yanapita redioni. Lakini hapa Nyalukemba, ukipanda taksi kutoka Muhumba kwenda Nyawera, mara nyingi redio iko pale mbele, taa zinawaka, na hakuna kituo hata kimoja cha Bukavu kinachosikika. Dereva anaweka kle ya muziki, basi. Ukiuliza, unajibiwa: «Poste iko muzima, ila haikamate.» Wengine wanasema ni milima. Milima ina makosa yake, lakini si yote.

Tuanzie mbali kidogo. Redio ya motoka ilitoka Marekani mwaka 1930, pale ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, huko Chicago, walipoanza kuuza posti waliyoiita Motorola. Ujerumani, Blaupunkt ilitoa yake mwaka 1932. Zilikuwa masanduku mazito yenye taa za kioo ndani, zinakula betri vibaya. Mwaka 1955 ndipo ilipotoka redio ya motoka yenye transista tupu, ya Philco ndani ya motoka za Chrysler, na kuanzia hapo posti zikawa ndogo, zikaanza kufika hata kwa watu wa kawaida.

Wazee wetu waliopanda Land Rover za misheni na Peugeot 404 wanakumbuka vitufe viwili: PO na OC. PO ni mawimbi ya kati, OC ni mawimbi mafupi. Hapo ndipo jambo la kushangaza lilipo. Redio zile zilikuwa na kelele nyingi, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anatembea, lakini zilikamata mbali sana. Wimbi fupi linapanda juu, linagonga tabaka la anga, linarudi chini maelfu ya kilometa kutoka lilikoanzia. Mlima haulizuii. Ndiyo maana mtu aliyekuwa njiani kwenda Shabunda aliweza kusikia BBC, iliyoanza Kiswahili mwaka 1957, au Sauti ya Ujerumani iliyofuata 1963, wakati hakuna mnara hata mmoja karibu naye. Adui alikuwa ndani ya motoka yenyewe: cheche za mashumaa ya injini ya esansi zinaingia redioni, ukikanyaga mafuta mngurumo unapanda. Saa ya habari ikifika, mtu alizima injini ili asikie. Mwenye dizeli alikuwa na raha, injini yake haina cheche.

Halafu vita. Mwezi wa nane 1994, wakimbizi wa Rwanda wakiwa wamejaa Kivu, waandishi wa Uswisi walifungua hapa Bukavu Radio Agatashya, jina la ndege mbayuwayu. Mwaka huohuo BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, maana yake «kinachounganisha familia», ambamo watu walisomewa majina ya waliopoteana. Agatashya ilinyamaza mwisho wa mwezi wa kumi 1996, vita ilipoingia mjini, na safari hii tuliokimbia ni sisi. Waliofika Nyarugusu, upande wa Kigoma, walikutana na Radio Kwizera, iliyofunguliwa na Wajesuiti huko Ngara mwaka 1995. Katika miaka ile redio haikuwa mapambo. Ilikuwa njia ya kujua kama kwenu kunarudika.

Tulioanza kurudi tulikuta hewa imebadilika. Vituo vilikuwa vimehamia FM. Radio Maendeleo, iliyozaliwa hapa Bukavu mwaka 1993, ilikuwa imefungwa na utawala wa RCD mwaka 1999 na baadaye ikafunguliwa tena. Tarehe 25 mwezi wa pili 2002 Radio Okapi ikaanza, ya MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, yaani watu walewale wa mbayuwayu. Habari zile zina gharama yake: Serge Maheshe aliuawa hapa Bukavu mwezi wa sita 2007, Didace Namujimbo mwezi wa kumi na moja 2008, wote wawili wa Okapi. Tunapozisikia tu kwa sikio moja, tuwakumbuke.

FM ni sauti safi, lakini inakwenda moja kwa moja kama tochi. Mlima ukisimama katikati, imekwisha. Ndiyo maana ukielekea Uvira, redio za Bukavu zinakatika kwenye makona ya Ngomo, na ukishuka bondeni Kamanyola unaanza kusikia watu wa Burundi. Tena FM ina tabia nyingine: vituo viwili vikigongana kwenye namba moja, havichanganyiki kama zamani, mwenye nguvu anameza mwenzake. Sisi tuliokaa uso kwa uso na Rwanda tunaijua hiyo. Na ukisimama mahali taksi ikaanza kufanya «shshsh», mwambie dereva asogee mbele mita moja tu. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita 3, likigonga kilima na kurudi linajiua lenyewe hapa, pale kando linafufuka.

Lakini motoka inayonyamaza ikiwa hapahapa mjini? Hapo milima haihusiki. Motoka zetu nyingi ni za kutoka Japani, zimepita Dar es Salaam au Mombasa, usukani kuume. Japani waliweka FM yao kati ya 76 na 90, kwa sababu juu ya 90 walikuwa wamepanga televisheni. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tuko kati ya 87.5 na 108. Fanya hesabu: posti ya namna hiyo inakutana na FM yetu kwenye namba mbili na nusu tu kati ya zaidi ya ishirini. Si mbovu. Imezaliwa kwingine. Televisheni ya zamani ilipozimwa kule, Japani walipanua FM yao hadi 95, kwa hiyo motoka za karibuni zinajaribu kidogo, si zaidi.

Mafundi wanauza kidude kinachokaa kati ya antene na redio. Kinapunguza namba: cha 15, kwa mfano, kinaleta kituo cha 100 kwenye 85. Ni rahisi, ila kuna mtego. Namba unayoona si ile inayotangazwa, na vituo vilivyo juu ya 105 vinabaki nje. Kikiwa cha bei ya chini sana, kinaongeza na kelele. Maoni yetu: kama motoka ni ya kazi, afadhali kubadilisha posti nzima, uchague inayoandikwa 87.5–108. Angalieni pia antene kabla ya kulipa, maana wengine wanabadilisha posti kumbe waya wa antene umekatika.

Upande wetu, tukipeleka tangazo la waliorudi redioni, hatutegemei tena taksi peke yake: tunatuma pia mtu na megafoni sokoni, na ujumbe kwa simu. Wanachama wenye taksi waje na motoka zao kwenye kikao kijacho. Fundi atakuwepo kupima antene na kusoma namba za posti, bila malipo. Waandikishe majina mapema kwa sekretari, kwa sababu uwanja ni mdogo.