Mkiani mwa Ligi, Kando ya Mto Nzoia

Mechi ya timu mbili za mkiani haina mbwembwe. Nairobi hawana habari nayo. Watu wanafika kwa miguu au kwa boda, wengine wanasimama nyuma ya goli kwa sababu kivuli kiko huko. Lakini hakuna mpira unaochezwa kwa hofu kama huo. Gor Mahia na AFC Leopards wakipoteza leo, kesho bado ni Gor na Leopards. Timu ya mkiani ikipoteza, huenda msimu ujao usiisikie tena. Sisemi kwamba itakuwa dhaifu. Nasema haitakuwepo.

Kitale na Bungoma wanaijua hofu hiyo. Trans Nzoia Falcons ya Kitale na Bungoma Queens zote zimecheza Ligi Kuu ya wanawake miaka hii ya karibuni. Upande wa wanaume, Nzoia Sugar ilibeba jina la Bungoma kwa miaka mingi hadi ikashuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24. Timu za huku zikiwa taabani, lawama humwendea kocha, refa, au mshambuliaji aliyekosa goli wazi. Haya, tuwalaumu kidogo. Lakini ukitaka kujua mbona timu za huku huishia mkiani, acha uwanja kwanza ufuate mto.

Mto Nzoia hupata maji yake kwenye vilima vya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon, ukapita Trans Nzoia, ukaporomoka Webuye, ukaendelea kupitia mashamba ya miwa ya Bungoma na Mumias, hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Serikali ilipotafuta mahali pa kujenga viwanda vikubwa baada ya uhuru, ilihitaji maji, na maji yalikuwa hapa. Mumias walianza kusaga miwa 1973. Pan African Paper Mills ilianza kutengeneza karatasi Webuye, mji ambao wakoloni waliuita Broderick Falls, mwaka wa 1974. Kampuni ya sukari ya Nzoia ilianzishwa 1975 na kuanza uzalishaji 1978. Viwanda vitatu, mto mmoja. Na kila kiwanda kilizaa timu ya mpira.

Halikuwa jambo jipya. Mashindano ya kwanza makubwa ya Afrika Mashariki, Gossage Cup, yalianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, na kombe lilitolewa na kampuni ya sabuni. Tangu mwanzo mpira wetu umekuwa na tajiri nyuma yake. Viwanda vya Nzoia vilifanya tu jambo hilo kuwa maisha ya kila siku. Kijana mwenye kipaji aliandikwa kazi: karani, fundi, dereva. Asubuhi yuko kazini, jioni yuko mazoezini. Nyumba ni ya kampuni, basi la kwenda mechi ni la kampuni, akiumia zahanati ni ya kampuni. Aliyeisha mguu alibaki na kazi yake. Hiyo ndiyo siri ambayo jedwali la ligi haliandiki.

Kwa hiyo ligi kuu ikajaa harufu ya miwa na karatasi. Pan Paper walicheza huko. Mumias, Chemelil na SoNy walikuwa huko pamoja na Nzoia, na 2006 SoNy wakachukua ubingwa wa Kenya. Fikiria: mabingwa wa nchi wanatoka Awendo, si Nairobi.

Kitale historia yake ilikwenda njia nyingine. Reli ilifika 1926, na mji ukakua ukiwahudumia masetla wa mahindi na ng'ombe. Masetla walikuwa na klabu yao. Mwafrika alikuwa kibarua wa shamba la mtu. Baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa, na familia nyingi za Wabukusu zikapanda kutoka upande wa Bungoma kwenda kutafuta ardhi. Masinde Muliro, ambaye uwanja wa Kanduyi mjini Bungoma una jina lake, alizaliwa Kimilili lakini aliwawakilisha watu wa Trans Nzoia bungeni. Ndiyo maana mechi ya Kitale na Bungoma ni ya wajomba na wapwa. Matatu ya Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hubeba mashabiki wa pande zote mbili kwenye kiti kimoja.

Ila Kitale haikupata mwajiri mmoja wa kuubeba mji mzima, kama Pan Paper ilivyoibeba Webuye. Mahindi ni ya mkulima mmoja mmoja. Pesa huingia wakati wa mavuno na kuisha wakati wa karo. Kipaji kimekuzwa shuleni, hasa St. Anthony's, shule inayoogopwa kwenye michezo ya sekondari. Kisha kijana anamaliza kidato cha nne na kuuliza: sasa niende wapi? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kuteremka na mto, kwenye viwanda.

Halafu viwanda vikaanza kuzima. Pan Paper ilifungwa 2009, majaribio ya kuifufua yakakwama, ikauzwa 2016. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu wa benki 2019. Sababu zinajulikana: madeni, usimamizi mbaya, sukari ya nje, wakulima waliochoka kungoja malipo wakang'oa miwa. Mpira ulijificha kwa muda kwa sababu kulikuwa na pesa nyingine: SuperSport walionyesha ligi kuanzia 2007, SportPesa wakawa wadhamini. Lakini SuperSport waliondoka 2017, na SportPesa wakaondoka 2019 katikati ya mzozo wa kodi na serikali. Hapo ndipo tukaona nani alikuwa na chakula nyumbani na nani alikuwa akila kwa jirani.

SoNy, mabingwa wa 2006, waliondolewa kwenye ligi 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Hawakufungwa, hawakufika. Chemelil wakashuka 2020. Nzoia walijikokota miaka minne zaidi. Mwezi wa Juni 2024, taifa zima lilikuja Bungoma kwa sherehe za Madaraka, katika uwanja wa Masinde Muliro uliokarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Msimu huohuo, timu kubwa ya kaunti ikashuka. Uwanja tulipata, timu ikatuponyoka.

Mtu atasema basi mpira wa kiwanda ulipitwa na wakati. Sina hakika. Tazama nani wanashinda sasa. Mabingwa wa wanawake 2023/24 walikuwa Kenya Police Bullets. Mabingwa wa wanaume 2024/25 wakawa Kenya Police. Ni mfumo uleule wa zamani: ajira, nyumba, mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwajiri tu ndiye aliyebadilika. Hata hivyo kiwanda peke yake si kinga. Tanzania, Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka daraja mwaka uleule wa 2024 na Nzoia, wakarudi baada ya msimu mmoja. Kushuka si kufa, mradi kuna mtu wa kulipa nauli ya kurudi.

Timu za wanawake zinanifundisha jambo lingine. Hazikuzaliwa na kiwanda, kwa hiyo hazikuwahi kuwa na nyumba ya kampuni wala basi la kampuni. Zimeishi kwa kaunti, wahisani na harambee. Vihiga Queens, jirani zetu, walisaidiwa na kaunti yao hadi wakafika Cairo, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya kwanza ya wanawake, 2021. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kaunti hubadilisha gavana, na bajeti hubadilika naye.

Mnamo Mei 2025 Nzoia ilikodishwa kwa kampuni ya West Kenya kwa miaka 30. Watu walizungumzia madeni ya wakulima, mishahara ya wafanyakazi, bei ya miwa, na ni haki yao: mtu hali mpira. Ila kumbuka Elvis Rupia aliwahi kuvaa jezi ya Nzoia kabla ya kwenda Zambia, kisha akarudi na kufunga magoli 27 msimu wa 2022/23 akiwa na Police, akivunja rekodi ya Maurice Ochieng 'Sonyi' ya magoli 26 iliyodumu tangu 1976. Sasa yuko mwingine Kiminini au Bukembe, anamaliza shule mwaka huu, ana mguu wa kushoto na nauli ya kwenda mji mmoja tu. Yeye ndiye anayeniumiza kichwa ninapoangalia timu mbili za mkiani zikigombania pointi moja.