Wanawake wa Waungwana hapa Kisangani

Katika mafundisho ya wakatekumeni, na hata katika mikutano ya akina mama wa parokia, mara nyingi latokea swali hili: Je, katika dini ya Uislamu mwanamke ana haki gani? Wengine hujibu upesi kwamba hana haki yo yote. Wengine, hasa wale wenye shangazi au shemeji Mwislamu, husema kwamba mbele ya mashehe mwanamke hupata mali yake vizuri kuliko mbele ya wazee wa ukoo. Majibu hayo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja litoshalo. Afadhali tutazame mambo yaliyotendeka hapa hapa penye maporomoko, maana katika habari hii mji wetu una historia ndefu.

Mwezi wa Desemba 1883 Bwana Stanley alijenga kituo katika kisiwa cha Wana Rusari, karibu na maporomoko, katika nchi ya wavuvi Wawenya. Waarabu na Waungwana waliotoka Unguja kwa njia ya Tabora, Kasongo na Nyangwe nao walikuwa wamefika pande hizi kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kwa muda pande mbili zikaishi jirani, zikitazamana kwa mashaka. Baadaye kituo kikawa chini ya afisa Mwingereza, Walter Deane, pamoja na Luteni Dubois, Mbelgiji, na askari Wahausa na Wabangala.

Mwaka 1886 mwanamke mmoja, mtumwa wa Mwarabu, alitoroka kwa bwana wake akaingia kituoni kuomba kinga. Waarabu wakadai arudishwe. Deane akakataa. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti wakakishambulia kituo. Vita vikaenda siku kadha, mpaka risasi zikaisha na askari wengi wakaondoka kwa mitumbwi. Ndipo Deane na Dubois walipokitia moto kituo wakakimbia. Dubois alikufa maji mtoni. Deane akajificha msituni kwa majuma mengi, akilishwa na wenyeji, mpaka afisa Coquilhat alipokuja kumchukua.

Ni kweli kwamba vita hivyo vilikuwa na sababu nyingine: biashara ya pembe, na swali la nani atakayetawala mto. Lakini cheche iliyowasha moto ilikuwa mwanamke yule. Vitabu vyatupa majina ya maafisa, tena na vyeo vyao; yeye vyamwita mtumwa mwanamke tu. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ndiye Tippu Tip, hakuwapo wakati ule, alikuwa safarini kwenda Unguja. Huko, mwezi wa Februari 1887, Stanley alifanya naye mapatano kwa jina la Mfalme Leopold: Tippu Tip awe liwali wa maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi, naye azuie biashara ya watumwa. Hivyo mji ambao mwanamke alikimbilia ukawekwa rasmi mikononi mwa mkuu wa wale aliowakimbia.

Sasa na tuulize: kwa sheria ya Kiislamu yenyewe, mwanamke yule alikuwa na haki gani?

Hapa yafaa tuseme wazi, kwa maana sisi Wakristo twachanganya mambo. Sheria ile ilitenga wanawake wa namna mbili: mwungwana, yaani mwanamke huru, na mjakazi. Mwanamke huru aliyeolewa hupewa mahari, nayo ni mali yake mwenyewe, si ya baba yake wala ya wajomba. Shamba lake, mbuzi wake, fedha yake, vyote hubaki vyake hata baada ya arusi, na mume hana ruhusa kuvigusa bila ridhaa yake. Mume ndiye apaswaye kumlisha na kumvika. Mume akifa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa na amtakaye. Tukumbuke kwamba katika makabila yetu mengi ya msituni mjane alirithiwa na ndugu ya marehemu pamoja na vyombo vya nyumba.

Katika urithi Korani yaweka mafungu. Tuseme mtu ameacha mke mmoja, mwana mmoja, binti mmoja, na mbuzi 24. Mke hupata thumuni, yaani mbuzi 3. Wanaobaki ni 21: mwana hupata 14 na binti 7. Binti hupata nusu ya ndugu yake, jambo ambalo hatuwezi kuliita usawa. Lakini kwa binti wa ukoo uliozoea kumpa mwanamke sufuri, mbuzi saba si jambo dogo. Kama wake ni wanne, wote wagawana thumuni ile ile, maana mume aliruhusiwa kuoa hadi wanne, kwa sharti la kuwatendea kwa haki. Juu ya talaka, mume aweza kuitamka mwenyewe. Mke akitaka kutoka hana budi kwenda kwa kadhi, au kujikomboa kwa kurudisha mahari. Mlango ni mmoja, lakini ufunguo wa mwanamume ni mwepesi zaidi.

Mjakazi hakuwa na mafungu hayo. Bwana wake aliweza kumfanya suria bila arusi. Hata hivyo, akimzalia mtoto, mtoto huyo alikuwa huru sawa na watoto wa mke, na mama hakuweza kuuzwa tena; siku bwana alipokufa yeye akawa huru. Kumwacha mtumwa huru kulihesabiwa thawabu kubwa, na dhambi fulani zilifidiwa kwa njia hiyo. Tena wanazuoni walifundisha kwamba Mwislamu haruhusiwi kumtia utumwani mtu mwungwana kwa kumteka tu njiani.

Basi, wale wanawake waliotekwa Maniema na kando ya Lualaba walitekwa kwa sheria gani? Kwa sheria yo yote hawakutekwa ila kwa bunduki. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, penye soko kubwa la wanawake waliokuja na samaki, chumvi, vyungu na kuku. Watu wa mfanya biashara mmoja kutoka Pwani wakaanza kufyatua risasi katikati ya soko. Wanawake wakajitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ile ilipochapishwa Ulaya ilisaidia kumshurutisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Walioua Nyangwe walikuwa wa dini iliyoweka mafungu ya urithi kwa binti. Haki iliyoandikwa kitabuni haikuvuka mto pamoja na misafara.

Ili kuona sheria ile ilivyofanya kazi mahali palipokuwa na kadhi, na twende Unguja kidogo. Sayyida Salma, binti wa Sultani Said, alizaliwa mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria Mcherkesi aliyenunuliwa. Hata hivyo Salma aliitwa binti mfalme, kwa kuwa mtoto wa suria ni huru. Baba alipofariki mwaka 1856 alipata fungu lake la fedha na shamba, angali msichana mdogo. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Korani lakini si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili maneno ya Korani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza, na mwaka 1867 akabatizwa huko Aden akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Tangu hapo urithi ukafungwa: Barghash, ndugu yake, hakumpa kitu, maana kwa sheria ya Kiislamu tofauti ya dini huzuia urithi. Mwaka 1886, mwaka ule ule wa vita vya maporomoko, alitoa kitabu cha maisha yake, akiwaambia Wazungu kwamba mwanamke wa Mashariki si mnyonge kama wanavyodhani. Katika kitabu hicho hicho alitetea utumwa, wakati watumwa wa ndugu zake wa Pwani walipokuwa wakiletwa kutoka huku kwetu. Alikuwa shahidi mwema wa haki za waungwana. Wajakazi walihitaji shahidi mwingine.

Hapa Kisangani wengi wa akina mama hao hawakuwa binti za Waarabu. Walikuwa wa nchi za Lualaba na msitu, wakachukuliwa wakiwa wasichana, wakapewa majina mapya, wakazaa watoto walioitwa Waungwana, neno lenyewe likimaanisha watu huru. Mikono yao ililima mpunga ulioletwa na watu wa Pwani, na katika nyumba zao ndimo watoto walimojifunza Kiswahili hiki tunachokiita Kingwana. Tukila wali na samaki wa Wawenya siku ya Noeli, tumekula matunda ya kazi yao.

Kati ya 1892 na 1894 Serikali ya Leopold iliwashinda Waarabu, na magazeti ya Ulaya yakasifu kwamba utumwa umekwisha. Hapo hatuwezi kunyamaza. Serikali ile ile, ikitaka mpira wa msituni, iliwakamata wanawake wa vijiji na kuwafunga rehani mpaka waume wao walete vikapu vilivyojaa. Si adui zake tu waliosema hivyo: Tume ya uchunguzi aliyoituma Mfalme mwenyewe iliandika juu ya jambo hilo katika taarifa yake ya mwaka 1905. Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alikuwa amefika mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Injili ilihubiriwa hapa siku zile zile ambazo mwanamke wa kijijini aliogopa askari wa serikali iliyojiita ya kikristo kama mama yake alivyoogopa misafara.

Wabelgiji walipotwaa nchi mwaka 1908, wanawake wa mijini wakapata mzigo wa namna nyingine. Mitala ilitozwa kodi, mke kwa mke. Na kwa dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ndoa mpya za mitala zikakatazwa. Mapadre wengi walifurahi, na kanuni yenyewe, kwa fikira zetu, ilikuwa njema. Lakini mke wa pili hakutoweka kwa sababu ya karatasi. Alikoma tu kuitwa mke. Mjini akahesabiwa mwanamke asiye na mume, akatozwa kodi ya wanawake wa peke yao, ambayo watu waliiona ni kodi ya makahaba. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi, mjini Usumbura ambao leo ni Bujumbura, wajane na walioachwa wakiwamo, walikataa kodi hiyo hadharani. Walisema wao ni wanawake wenye heshima. Wengine wakafungwa, wasibadili neno.

Kisha yako jambo moja ambalo litawashangaza wasomaji wengi. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufungwa na mapatano ya kisheria yanayomdai kazi yake mwenyewe. Sharti hilo halikutoka kwa mashehe. Lilitoka katika sheria za Ulaya tulizoachiwa. Liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Yaani kwa muda wa miaka 29 mke Mkatoliki wa Kisangani, mbele ya hakimu, alihitaji ruhusa ambayo kadhi wa Unguja asingemdai mwanamke auzaye shamba lake. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1987 ilitangulia upande mwingine: robo tatu ya urithi ni ya watoto, na binti hupata sawa na mwana.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, umetufundisha kuwaheshimu Waislamu, ambao nao humheshimu Bikira Maria, na sura nzima ya Korani yaitwa kwa jina lake. Tukikaa nao jirani hapa mjini, kisima kimoja na soko moja, heshima hiyo yatudai tuijue sheria yao kabla ya kuisema.

Hasa wazazi waijue, kwa sababu ya arusi. Mwanamume Mwislamu, kwa dini yake, aweza kumwoa binti Mkristo aliye bado Mkristo. Mwanamke Mwislamu hawezi kuolewa na Mkristo. Kwa upande wetu ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa yahitaji ruhusa ya Askofu, na upande wa Mkatoliki huahidi kuishika imani na kufanya awezavyo watoto wabatizwe. Mambo hayo paroko huyaeleza. Linalosahauliwa ni lile lililompata Salma: mke Mkristo, kwa mafungu ya Kiislamu, hamrithi mumewe Mwislamu, hata thumuni ile. Na sheria ya nchi yamjua mke mmoja tu, yule aliyeandikishwa. Binti aliyepokewa kwa mahari nzuri na wali wa arusi, bila kuandikishwa katika ofisi ya komini, siku ya msiba hatahesabiwa mrithi mbele ya shehe wala mbele ya hakimu. Watoto wake watarithi kwa sheria ya nchi, kama baba yao aliwatambua alipokuwa hai. Mama yao atabaki na mahari yake, kama alilipwa.