Usugu kwa Insulini

Hali ya misuli kuitikia insulini kwa unyonge, kama inavyotokea uzeeni, kuna wanaoiandika ukinzani wa insulini, na kuna wanaoiandika usugu wa insulini. Mimi niko upande wa usugu, ila kwa sharti moja.

Kukinza ni kupinga, kuziba njia. Mwanafunzi wa fizikia anaujua ukinzani wa waya. Lakini misuli ya mzee haipingi chochote. Insulini hutoka kwenye kongosho, hufika, hujishikiza kwenye kipokezi chake juu ya seli. Ujumbe wake ndio unaofifia huko ndani. Kwa kawaida ujumbe huo huzipandisha protini ziitwazo GLUT4 hadi kwenye utando wa seli, nazo huivusha glukosi, yaani sukari ya damu, iingie ndani. Ukififia, hupanda chache, na kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kiganja cha mkulima chenye sugu kiko hivyo: kinahisi, ila mpaka kibonyezwe sana.

Harold Himsworth wa London aliionyesha tofauti ya kuitikia insulini mwaka 1936, alipowatenga wagonjwa wa kisukari wanaoitikia insulini upesi na wasioitikia. Uzee ulikuja kuchunguzwa baadaye. Mwaka 2003 kundi la Gerald Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilichapisha ulinganisho wa wazee wembamba wenye afya na vijana waliolingana nao kwa misuli na mafuta mwilini. Misuli ya wazee ilivuta glukosi kidogo kuliko ya vijana, ilikuwa na mafuta zaidi ndani ya seli, na utendaji wa mitokondria zake, zinazochoma mafuta ndani ya seli, ulikuwa chini kwa takriban asilimia 40. Mafuta yasiyochomwa hulimbikiza mabaki yanayovuruga ujumbe wa insulini. Tena nyama yenyewe ya misuli hupungua umri unaposogea, nayo ni ghala kubwa la sukari itokayo kwenye mlo. (Miaka haibebi lawama yote, kukaa kitako kuna fungu lake.)

Sharti langu ni kihusishi: tuseme usugu kwa insulini. Katika usugu wa vimelea kwa dawa, "wa" humtaja aliye sugu. Hapa insulini haina kosa, iliyo sugu ni misuli. Nakiri neno lina dosari, kwani ugonjwa sugu masikioni mwa wengi ni ugonjwa usiopona. Ilhali misuli iliyo sugu kwa insulini bado huitikia kazi: mzee akitembea au akipanda ngazi, kule kukaza na kulegea kwa misuli huzipandisha GLUT4 bila kuingoja insulini.