Binafsi au ya Faragha? Historia ya Njia ya Kuifikia Hifadhi ya Wingu na Funzo Lake kwa Sera za Data Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna hifadhi ya data katika wingu ilivyotoka kwenye anwani ya umma hadi kufikiwa kwa anwani ya ndani ya mtandao wa taasisi. Hoja kuu ni kwamba neno "binafsi", linalotumiwa mara kwa mara kuuelezea utaratibu huo, limebeba maana ya umiliki ambayo teknolojia yenyewe haina, na kwamba maana hiyo ikiingia katika sera huficha mambo matatu yanayopaswa kuamuliwa kila moja peke yake.

1. Utangulizi

Katika Kiswahili sanifu, "binafsi" humwelekeza msomaji kwa mwenye mali: shule binafsi, sekta binafsi, gari binafsi. "Faragha" humwelekeza kwenye hali ya kujitenga na macho na masikio ya wengine. Mazungumzo ya faragha yanaweza kufanyika katika nyumba ya kupanga; kinachoyapa sifa hiyo ni mlango uliofungwa, si hati ya nyumba.

Tofauti hiyo ina uzito kwa taasisi zinazohifadhi rekodi za sauti za wasimulizi, hojaji zenye majina ya watoa taarifa na picha za miswada ya kale. Inaposemwa kwamba akaunti ya hifadhi "imewekwa kwenye mtandao binafsi", mshauri wa sera hupata taswira ya ghala lililo mikononi mwa taasisi. Historia ya utaratibu huo inaonyesha kwamba kilichopatikana ni kitu kingine.

2. Anwani za ndani kabla ya wingu

Chimbuko la suala hili ni uhaba wa anwani. Toleo la nne la itifaki ya intaneti lina anwani zipatazo bilioni 4.3, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa dhahiri kwamba hazingetosha. Mwezi Machi 1994, na kwa waraka uliorekebishwa wa Februari 1996 unaojulikana kama RFC 1918, wahandisi wa intaneti walitenga mafungu matatu ya anwani ili kila taasisi iyatumie ndani yake bila kuomba kibali. Fungu kubwa zaidi, linaloanza na 10, lina anwani 16,777,216.

Anwani hizo ziliitwa za ndani kwa sababu rauta za intaneti ya umma hazizipitishi. Hazikubuniwa ziwe kinga ya siri. Hata hivyo, kwa kuwa mtu wa nje hawezi kuifikia anwani isiyo na njia ya kuiendea, wasimamizi wa mitandao walizoea kuuona mgawanyo huo kama ukuta. Mazoea hayo ndiyo yaliyorithiwa na wingu.

3. Ghala lenye mlango barabarani, 2006–2017

Amazon ilipoanzisha huduma yake ya hifadhi ya S3 mwezi Machi 2006, urahisi wake ulitokana na kwamba ilifikika kutoka popote penye intaneti. Microsoft ilitangaza Azure mwaka 2008 na kuifungua rasmi kibiashara mwaka 2010, kwa mantiki ileile: kila akaunti ya hifadhi hupewa jina lisilorudiwa duniani kote, lenye herufi na tarakimu kati ya 3 na 24, na jina hilo huelekeza kwenye anwani ya umma. Ulinzi ulikuwa ni ufunguo. Aliyekuwa na ufunguo sahihi aliingia, awe Kampala au Helsinki.

Mwaka 2009 Amazon ilianza kuwawezesha wateja kujenga mitandao pepe ndani ya wingu kwa kutumia anwani za ndani. Seva zikaingia uani, lakini ghala likabaki barabarani: seva iliyotaka kusoma faili ililazimika kutoka kwa lango la intaneti na kulifuata ghala kwenye anwani yake ya umma. Marekebisho ya kwanza yalihusu njia pekee. Mwaka 2015 kwa S3, na kuanzia mwaka 2017 kwa Azure, iliwezekana kuipitisha safari hiyo ndani ya mtandao wa mtoa huduma na kuliamuru ghala likubali maombi ya mtandao pepe uliotajwa tu. Anwani ya ghala yenyewe iliendelea kuwa ya umma, na kompyuta zilizo katika majengo ya taasisi hazikunufaika na njia hiyo.

Katika kipindi hichohicho udhaifu wa kutegemea mpangilio wa ruhusa peke yake ulidhihirika. Juni 2017 iligunduliwa kwamba taarifa za wapigakura wapatao milioni 198 wa Marekani, zilizokusanywa na kampuni ya Deep Root Analytics, ziliachwa katika ghala la S3 ambalo yeyote aliyeijua anwani yake angeweza kulisoma. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeufunga.

4. Ghala lapewa anwani ya ndani

Mwishoni mwa mwaka 2017 Amazon ilitangaza utaratibu wa PrivateLink kwa mapana yake, na Septemba 2019 Microsoft ikaonyesha wake, Azure Private Link. Badiliko lilikuwa la msingi. Ndani ya mtandao pepe wa taasisi huwekwa kiungio, yaani kadi pepe ya mtandao yenye anwani ya ndani kama 10.1.0.5, na kiungio hicho huunganishwa na akaunti moja mahususi ya hifadhi. Ombi linalofika kwenye anwani hiyo husafirishwa hadi ghalani bila kutoka kwenye intaneti ya umma.

Sehemu inayostahili kuzingatiwa zaidi ni ya majina. Watumiaji na programu huendelea kulitumia jina lilelile la akaunti. Kinachobadilika ni jibu. Mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, hulipeleka jina hilo kwenye kikoa cha pili chenye neno "privatelink". Anayeuliza kutoka ndani ya mtandao uliounganishwa na orodha ya ndani ya majina hujibiwa 10.1.0.5, anayeuliza kutoka nje hujibiwa anwani ya umma. Jina moja lina majibu mawili, kutegemea aliposimama muulizaji.

Hapo ndipo kosa la kimya hujificha. Kuweka kiungio hakufungi mlango wa umma. Huo hufungwa kwa uamuzi mwingine katika mpangilio wa akaunti. Orodha ya ndani ya majina isipounganishwa na mtandao husika, jina litajibiwa kwa anwani ya umma, na mlango wa umma ukiwa bado wazi, kazi itaendelea kama kawaida bila ishara yoyote. Taasisi itaamini kwamba inapita uani, kumbe inapita barabarani. Vilevile, kiungio kimoja huhudumia aina moja tu ya hifadhi: cha faili za kawaida za wingu hakitoshi kwa folda za pamoja, foleni au majedwali.

5. Afrika Mashariki: njia, mahali na mamlaka

Kwa taasisi za ukanda huu, historia hiyo ilikutana na historia ya mkongo wa baharini. SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Vituo vya data vya Azure vilifunguliwa Afrika Kusini mwezi Machi 2019. Ofisi iliyoko Kigali au Bujumbura inayotaka kukitumia kiungio kilichoko katika wingu la Johannesburg huhitaji kwanza njia fiche au laini maalumu ya kufikia mtandao pepe, kisha seva ya majina ndani ya mtandao huo itakayojibu maswali ya ofisi. Njia hiyo yote hubebwa na nyaya zilezile. EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, nchi kadhaa za ukanda huu zilipungukiwa na intaneti; anwani ya ndani haiwezi kuponya waya uliokatika.

Suala la mahali lina uzito zaidi. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Rwanda hairuhusu data binafsi kuhifadhiwa nje ya nchi bila cheti cha mamlaka husika. Mtumiaji wa Kigali anayeona 10.1.0.5 huona anwani iliyo sawa na ya printa ya ofisini kwake, ilhali faili ziko nchi nyingine. Azure inaruhusu hata kiungio kuwa katika kanda moja na akaunti ya hifadhi kuwa katika kanda nyingine. Anwani ya ndani, kwa hiyo, husaidia kuficha umbali.

6. Hitimisho

Tangu mwaka 1994 hadi sasa, kilichobadilishwa hatua kwa hatua ni njia ya kulifikia ghala na jibu la jina lake. Umiliki wa mitambo haukuhama, na mahali pa data hapakuhama. Kwa sababu hiyo, "njia ya faragha" ni istilahi sahihi kuliko "mtandao binafsi" katika nyaraka za sera zinazozungumzia utaratibu huu.

Sera inayofuata historia hiyo itauliza maswali matatu bila kuyachanganya: nani ana mamlaka juu ya ghala na funguo zake, data imewekwa nchi gani, na je, mlango wa umma umefungwa na kujaribiwa kutoka nje? Swali la tatu ndilo rahisi kulijibu, kwani mtu aliye nje ya mtandao wa taasisi anaweza kulijaribu kwa dakika chache. Msimulizi aliyekubali sauti yake irekodiwe aliiamini taasisi kwa yote matatu.