Takwimu: Jinsi ya kutofautisha matokeo ya kweli na ya bahati

MNAMO 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), yenye makao yake makuu katika Barabara ya Mbagathi, Nairobi, ilikuwa imepata dawa ya Ukimwi iliyoitwa Kemron. Wagonjwa waliotumia dawa hiyo, iliyokuwa na kiasi kidogo cha interferoni, walisemekana kupata nafuu.

Hata hivyo, hawakuwa wamelinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ulinganisho huo ulipofanywa nchini Uganda kwa wagonjwa 559, Kemron haikuonyesha manufaa. Matokeo yalichapishwa 1998.

Ili kuepuka kosa kama hilo, mtafiti wa biolojia huanza na nadharia tete kwamba hakuna tofauti baina ya makundi. Kisha hujiuliza: iwapo kweli hakuna, kuna uwezekano gani wa bahati pekee kuleta tofauti kubwa kama hii? Uwezekano huo huitwa thamani ya p. Kwa desturi, ukiwa chini ya 0.05, nadharia hiyo hukataliwa.

Uchaguzi wa jaribio la takwimu hutegemea aina ya data. Kwa vipimo kama vile uzani, wastani wa makundi mawili hulinganishwa kwa jaribio la t. Watu wale wale wakipimwa kabla na baada ya tiba, hutumika jaribio la t la jozi. Makundi yakizidi mawili, hutumika uchanganuzi wa tofauti (ANOVA). Pale ambapo takwimu chache kubwa mno huvuta wastani, hufaa jaribio la Mann-Whitney, linalotumia nafasi za vipimo katika mpangilio.

Data ikiwa ni hesabu ya watu, kwa mfano walioambukizwa na wasioambukizwa, hutumika jaribio la kai-skwea. Idadi inayotarajiwa ikiwa chini ya watu watano, jaribio la Fisher ndilo bora.

Mfano mzuri ni utafiti wa tohara uliofanywa Kisumu, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki. Wanaume 2,784 waligawanywa kwa kura. Miongoni mwa 1,391 waliopangiwa tohara, 22 waliambukizwa virusi vya HIV. Kati ya 1,393 waliosubiri, waliambukizwa 47.

Jumla ni 69. Kama tohara haingekuwa na athari, kila kundi lingetarajiwa kuwa na takriban 34.5. Kwa kila kisanduku cha jedwali, tofauti kati ya idadi halisi na inayotarajiwa hupigwa mraba, kisha hugawanywa kwa idadi inayotarajiwa. Visanduku vyote vinne vikijumlishwa, jibu ni takriban 9.3. Kiwango cha kuvuka ni 3.84, hivyo ni vigumu kudai ni bahati. Watafiti wenyewe walitumia mbinu inayozingatia pia muda, wakafikia uamuzi uo huo. Utafiti ulisimamishwa mapema, Desemba 2006, ili waliosubiri nao wapewe nafasi ya kutahiriwa.

Tahadhari ni muhimu. Pasipo tofauti yoyote ya kweli, anayefanya majaribio ishirini hutarajia moja lipite kwa bahati. Aidha, thamani ya p haielezi ukubwa wa manufaa. Zaidi ya yote, hakuna hesabu inayoweza kuziba pengo la kundi la kulinganisha ambalo halikuwapo tangu mwanzo.