Utafiti wa trakoma Kongwa

Utafiti wa trakoma Kongwa ni mfululizo wa tafiti za kitabibu zilizofanyika tangu miaka ya 1980 katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania. Zilichunguza jinsi maambukizi ya macho ya utotoni yanavyoharibu kope na jicho hadi kuleta upofu ukubwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, walishirikiana na wataalamu wa Tanzania.

Mabadiliko ya tishu

Trakoma, ambayo nchini Tanzania huitwa pia vikope, husababishwa na bakteria Chlamydia trachomatis. Huenezwa na vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto zenye tongotongo na makamasi. Ambukizo moja kwa kawaida hupona bila madhara makubwa. Hatari ni kuambukizwa tena na tena.

Mwanzoni seli za kinga hukusanyika chini ya utando wa ndani wa kope la juu na kufanya vivimbe vidogo vyeupe. Uvimbe ukijirudia kwa miaka mingi, makovu huchukua nafasi ya tishu laini. Makovu hayo hujikunyata, ukingo wa kope hugeukia ndani na nywele zake hukwaruza konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Hatimaye konea huwa nyeupe na mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona. Antibiotiki huua bakteria, lakini haiondoi kovu.

Upimaji

Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo rahisi wa kutambua trakoma. West na Hugh Taylor, waliofanya utafiti Kongwa, walikuwa miongoni mwa walioutunga. Una dalili tano: vivimbe vya utando, uvimbe mkali, makovu, nywele za kope zilizogeukia ndani, na weupe wa konea. Mpimaji hupindua kope la juu na kulitazama kwa lenzi ya kukuza, hivyo kazi hufanyika kijijini bila maabara.

Matokeo

Kongwa ni eneo kame la wakulima na wafugaji, wengi wao Wagogo, na maji mara nyingi huchotwa mbali. Watafiti waliona kwamba watoto wenye nyuso chafu zenye nzi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, vijiji sita viligawanywa katika jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, lakini katika kila jozi kijiji kimoja kilipata pia kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Katika vijiji vya kampeni, trakoma kali ilikuwa pungufu.

Utafiti mwingine uliwafuatilia wanawake kwa miaka saba hadi 1996. Takriban mwanamke 1 kati ya 10 waliokuwa na makovu alipata tatizo la nywele za kope kugeukia ndani, ilhali kwa wasio na makovu lilikuwa nadra. Kwa jumla wanawake hupofuka kwa trakoma kuliko wanaume; sababu inayotajwa zaidi ni kwamba ndio wanaolea watoto, hivyo huambukizwa mara nyingi.

Umuhimu

Matokeo ya Kongwa yalisaidia kuimarisha mkakati wa Shirika la Afya Duniani wenye nguzo nne: upasuaji wa kope, antibiotiki, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Upasuaji hurekebisha ukingo wa kope na kuzuia madhara zaidi, lakini hauwezi kurudisha uangavu wa konea iliyokwisha kuwa nyeupe. Kwa hiyo kinga dhidi ya upofu huu huanza utotoni, miaka mingi kabla mtu hajaanza kupoteza uwezo wa kuona.