Mbwa wa rangi ya marumaru: historia ya jeni moja inayoruka

Kama unapitia mitandaoni hata kidogo, umeshawaona. Mbwa mwenye manyoya ya kijivu kama moshi, yamemwagiwa mabaka meusi bila mpangilio, jicho moja la kahawia na jingine la buluu. Chini ya picha watu wanauliza bei. Hebu leo nikusimulie rangi hiyo imetoka wapi, maana nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, na kuna watoto wa mbwa wanaozaliwa viziwi, wengine na macho yasiyokomaa, kwa sababu ya urembo tu.

Nitaiita merli (usichanganye na meli, tafadhali). Ilikuwepo zamani kwa mbwa wa kuchunga kondoo huko Uingereza na Uskoti, na wachungaji hawakuwa na shida nayo: mbwa alipimwa kwa kazi. Mambo yalibadilika karne ya 19. Malkia Victoria aliwapenda koli wa Balmoral, mwaka 1873 Kennel Club ikaanzishwa London, na mbwa wa malisho akageuka mbwa wa maonyesho. Wafugaji wa mjini wakataka koli wa rangi ya dhahabu. Merli ikaonekana ya kishamba, ikaanza kupotea. Aliyeirudisha ni mfugaji William Arkwright, ambaye katika miaka ya 1880 alizalisha koli wa merli ya buluu kwa makusudi. Kufikia 1907 wapenzi wa rangi hiyo walikuwa na chama chao wenyewe.

Sasa, ukishapenda rangi, unafanya nini? Unapandisha merli kwa merli, upate merli wengi zaidi. Na hapo ndipo tatizo linapojitokeza: katikati ya watoto wazuri wa mabaka anatokea mmoja au wawili karibu weupe kabisa, wenye macho madogo, ambao hawageuki ukipiga makofi. Kwamba weupe na uziwi vinaweza kwenda pamoja halikuwa jambo geni. Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha 1859, aligusia paka wa macho ya buluu kuwa viziwi. Kwa nini iwe hivyo, hakuweza kueleza.

Maelezo yalikuja polepole. Mwaka 1935 A. L. Mitchell alichapisha uchambuzi wa rangi za koli na kuonyesha kuwa merli ni kitu kinachotawala: nakala moja inatosha kuonekana. Mwaka 1954 Arnold Sorsby na J. B. Davey wakaeleza hitilafu za macho zinazoambatana nayo. Kisha 1957 Clarence Cook Little akaiweka kwenye kitabu chake cha urithi wa rangi za mbwa, kwa herufi M. (Little huyu ndiye mwanzilishi wa maabara ya Jackson kule Marekani, na ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa mwanasayansi mkuu wa kamati ya utafiti ya makampuni ya sigara. Historia ya sayansi haina malaika wengi.)

Hesabu yake ni ya Mendel tu, ile uliyoisoma sekondari. Mbwa mwenye nakala moja, Mm, ana mabaka. Ukipandisha Mm kwa Mm, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa MM, na huyo ndiye mweupe wa matatizo. Ukipandisha Mm kwa mbwa asiye na merli kabisa, bado unatarajia nusu ya watoto wenye mabaka, na hakuna MM hata mmoja. Yaani urembo uleule, bila hasara ile. Hili lilikuwa limeshajulikana wakati babu zetu wako vijana.

Lakini kulikuwa na jambo lililokataa kukaa kwenye hesabu. Mwaka 1984 Phillip Sponenberg aliripoti mbwa wa jamii ya Australian Shepherd ambao, pale Mendel aliposema lazima warithishe merli, walizaa watoto wasio nayo. Jeni ilikuwa kama imejirekebisha yenyewe. Inawezekanaje?

Jibu lilitoka Texas A&M mwaka 2006. Leigh Anne Clark, Keith Murphy na wenzao waligundua kuwa merli inatokana na kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo SILV, ambayo leo tunaiita PMEL. Vipande vya namna hii vinajinakili na kurukia sehemu nyingine za jenomu. Barbara McClintock alivigundua vya aina nyingine kwenye mahindi ya madoadoa katika miaka ya 1940, na akasubiri Tuzo ya Nobel mpaka 1983. Protini ya PMEL hujenga nyuzi ambazo rangi nyeusi hujipanga juu yake. Kipande kikiingia pale, seli inaisoma jeni vibaya na rangi inafifia.

Sasa sehemu ninayoipenda. Kipande hicho kina mkia, mlolongo wa herufi A tupu, kama 90 hadi 100 hivi kwa mbwa wa mabaka. Jaribu kunakili herufi A mia moja kwa mkono bila kukosea! Seli nayo inakosea. Mbwa anapokua tumboni, mkia unafupika kwenye seli moja, ukiwa mfupi vya kutosha jeni inasomeka vizuri tena, na uzao wote wa seli ile unatoa rangi kamili. Hilo ndilo baka jeusi unalolipenda kwenye picha. Kosa hilohilo likitokea kwenye mbegu au yai, mtoto anazaliwa bila mabaka. Kitendawili cha 1984 kikafunguka.

Na masikio je? Seli za rangi hazikai kwenye ngozi peke yake. Wakati wa mimba zinasafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete, nyingine zinaishia kwenye sikio la ndani, ambako zinasaidia kudumisha potasiamu ya majimaji ambayo usikivu unaitegemea. Zisipokuwepo, sehemu hiyo inanyauka wiki chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 2009 George Strain wa Louisiana na wenzake walipima usikivu wa mbwa 153 wenye merli. Kwa Mm, asilimia 2.7 walikuwa viziwi sikio moja na 0.9 masikio yote. Kwa MM: asilimia 10 sikio moja, 15 yote mawili. Na jicho nalo linategemea seli zenye rangi ili lijengeke sawasawa, ndiyo maana wapo wanaozaliwa na macho madogo mno au mboni zilizopinda.

Kennel Club iliacha kusajili watoto wa merli kwa merli kuanzia 2013. Uamuzi mzuri, ingawa mimi naona umechelewa kwa miaka hamsini na zaidi. Tena usajili haumgusi anayeuza bila cheti. Halafu kuna merli iliyojificha: mkia ukiwa wa herufi 65 au pungufu, mbwa anaonekana wa kawaida kabisa. Koli wa rangi ya dhahabu naye anaweza kuificha hata mkia ukiwa mrefu, kwa kuwa merli inafifisha nyeusi na kuiacha nyekundu. Mary Langevin na wenzake walionyesha mwaka 2018 kuwa kuna ngazi nyingi kati ya mkia mfupi na mrefu, na kwamba mbwa mmoja anaweza kubeba mikia ya urefu tofauti mwilini. Kwa hiyo jicho la mfugaji, hata mzoefu, halitoshi; kipimo cha DNA kwa pamba ya kupangusa shavu kinatosha.

Mbwa kiziwi anaweza kuishi vizuri, anafundishika kwa ishara za mikono. Asiyeona na asiyesikia kwa pamoja, hapo ni kazi nyingine. Ukikutana na mtu anauza mtoto wa rangi hii, usianze na bei. Omba kwanza majibu ya vipimo vya mama na baba, kisha simama nyuma ya mtoto upige makofi.